Mteremko Uliobaki Kwenye Disketi

Dada yangu hakulia daktari wa macho alipomwambia kwamba mwanga hautarudi. Alivaa viatu, akanishika kiwiko, akasema twende tukanywe chai. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole kwa miaka, ikianzia pembeni hadi ikafika katikati, na nadhani alikwisha kujua kabla ya daktari. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Nilimwaga chai kwenye kitambaa cha meza ya ule mgahawa, nikamwomba mhudumu radhi tena na tena, mpaka dada akasema, "Wewe nawe, tulia. Mgonjwa ni nani hapa?"

Nilimrudisha nyumbani kwake Songambele, wilayani Kyerwa, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na marehemu mumewe. Binti yake mkubwa alitupokea, akamwonyesha mama yake kiti, naye dada akakikataa, akaenda mwenyewe kwa kupapasa ukuta hadi kwenye kingo za baraza. Nilikuwa nimeshika mkoba tayari kuondoka aliponiuliza, kama mtu anayeulizia sufuria yake:

"Zile disketi zetu bado ziko kwa mama?"

"Disketi gani?"

"Za mchezo wa baiskeli. Nataka kuusikia."

Hakusema kuuona. Nilipanda bodaboda nikiwa na neno hilo kifuani, na tangu siku hiyo sikutulia.

Lazima nieleze tulivyofikia kuwa na mchezo. Baba yetu alikuwa mtunza jenereta wa hospitali ya misheni. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya banda la jenereta, kwa hiyo tulikuwa miongoni mwa watu wachache waliopata umeme pamoja na wagonjwa. Daktari mmoja mgeni alikuja na kompyuta ya nyumbani, kibodi nene ya rangi ya chai ya maziwa, unaichomeka kwenye televisheni na pembeni unaweka draivu yake ya kusomea disketi, kubwa kama tofali. Alichoka nayo upesi. Dada, ambaye wakati huo alikuwa sekondari na alikuwa nyumbani likizo, hakuichoka. Alikisoma kitabu chake cha maelekezo akiwa na kamusi pajani, na likizo ilipokwisha alikuwa anaiamuru mashine ile kama anavyoamuru mbuzi.

Mchezo wake ulikuwa hivi. Mtu ana baiskeli iliyopakia mikungu ya ndizi, kama wale tuliokuwa tukiwaona wakishuka barabarani kila siku ya gulio. Baiskeli haina breki. Anashuka mteremko, anakwepa mashimo na mtaro, na akitaka kupunguza mwendo anakandamiza katambuga, ndala yake ya mpira wa gari, kwenye tairi la nyuma. Katambuga likiisha, basi. Kwenye televisheni ungeona vijiti na viboksi tu, lakini sauti zilikuwa kazi ya mtu. Dada alikaa siku nyingi akitafuta mlio wa mnyororo usiotiwa mafuta, mlio wa upepo, na ule mkwaruzo wa mpira juu ya mpira. Mimi nilikuwa darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa kuanguka. Alinikalisha mbele ya kibodi, nikaanguka, akaandika, nikaanguka tena.

Daktari alipomaliza mkataba alituachia kompyuta, akachukua nakala ya mchezo kama ulivyokuwa wakati huo. Alisema kwao kuna watu wanaouza michezo, atawaonyesha. Hatukusikia neno. Dada aliendelea kuandika peke yake hadi msimu wa mvua kubwa, radi ikapiga nguzo ya banda la jenereta na kompyuta ikaungua pamoja na televisheni. Disketi zilikuwa kabatini, zikapona. Mwaka uliofuata dada aliolewa Kyerwa. Akalima, akazaa, akaimba kwaya ya kanisa la Kilutheri, na sikumsikia akitaja kompyuta mpaka siku ile barazani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kanoni kwa mama. Baada ya baba kufariki alihamia huko kwenye shamba la kwao, na vitu vya zamani alihama navyo. Nilimsalimu shikamoo nikiwa bado sijavua kofia ya pikipiki, akaniangalia.

"Kuna msiba?"

"Hakuna, mama. Natafuta zile disketi. Vile vidude vya mraba, vyeusi, vyembamba."

Alifikiri, akaniambia kwa Kinyambo kwamba vingi viko ndani ya sanduku la bati, chini ya mashuka. Nilitoa mashuka yote. Vilikuwepo kweli, kwenye mfuko wa nailoni, na kuvu nyeupe imeanza kutambaa kwenye vile vya pembeni. Lakini kimoja nilikiona kabla sijafika sandukuni. Kilikuwa mezani, juu ya kikombe cha maziwa, kikizuia nzi.

"Mama!"

"Nini? Kinafaa. Hakipinduki na upepo."

Nilikinyanyua. Kilikuwa na alama ya duara la kikombe, na maziwa ya miaka yamekauka kwenye ule mwanya mrefu ambamo draivu husomea. Kwenye pembe kulikuwa na kipande cha karatasi nyekundu kilichobanduka nusu. Nilikitia mfukoni bila kusema zaidi. Mama alikwenda kutafuta kisahani cha kufunikia maziwa yake, akinung'unika kwamba watoto wake wakizeeka wanakuwa watu wa ajabu.

Ninafundisha hisabati na kompyuta sekondari huko Ihanda. Kompyuta za shule hazina hata mahali pa kuingiza kitu kama kile. Niliandika kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaohifadhi mashine za zamani, nikijua kabisa kwamba nitaonekana kichaa, na aliyenijibu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa Kampala. Sijawahi kumwona mpaka leo. Aliniita Madamu. Alikuwa na draivu ya aina ile na kibao kidogo cha umeme cha kuiunganisha na kompyuta ya kisasa, kinachosoma sumaku ya disketi ilivyo, iwe nzima au imechakaa. Alisema atanitumia kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula, nikimaliza nimrudishie. Kisha akaongeza onyo ambalo liliniharibia wiki nzima: usiingize disketi yenye kuvu hata kwa kujaribu. Uchafu utakwaruza, na kilichokwaruzwa hakirudi. Nyingine zinakubali kusomwa mara moja tu.

Nilisubiri ule mzigo kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha upasuaji. Nilikuwa nafundisha milinganyo na jicho liko dirishani. Wanafunzi walinirekebisha ubaoni, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Nilimpigia kondakta wa basi mpaka akaacha kupokea. Dada naye alikuwa ananipigia mimi.

"Imefika?"

"Bado."

"Ile yenye karatasi nyekundu ipo?"

"Ipo," nilisema. Sikuthubutu kumwambia habari za maziwa.

"Hiyo ndiyo yenye mteremko wa mwisho. Niliumaliza kabla tu ya radi. Wewe hukuwahi kuucheza, ulikuwa umekwenda kwa bibi."

Mzigo ulifika umefungwa kwa blanketi la mtoto. Nilianza na disketi safi kuliko zote. Ilizunguka, draivu ikakoroma, na kwenye skrini vikaanza kujipanga vimistari vya kijani, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikimaanisha kipande kimesomeka. Katikati ya kazi umeme ulikatika. Nilitoka nje, nikazunguka shule, nikarudi, nikatoka tena. Umeme uliporudi nilianza upya huku nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Ilisomeka yote. Niliiweka nakala kwenye programu inayojifanya kuwa ile mashine ya daktari, nikabonyeza, na chumba cha walimu kikajaa mlio wa mnyororo usiotiwa mafuta.

Mwalimu mwenzangu aliuliza ni mlango gani ule unaolia. Niliongeza sauti.

Siku ya kwanza ya likizo nilibeba kompyuta mpakato mgongoni, nikaenda kwa pikipiki hadi Omurushaka, nikapanda pikipiki nyingine kuelekea Kyerwa, nikimwomba dereva apunguze mwendo kila palipokuwa na shimo. Dada alikuwa ameketi barazani na binti yake wakichambua buni. Nilifungua kompyuta pale pale juu ya gunia. Mlio ulipoanza, dada aliacha mikono hewani, na buni zikamdondoka.

"Cheza," alisema. "Cheza, mimi nasikiliza."

Nilianza kushuka. Nilidhani atatabasamu, lakini aliinama mbele kama dereva.

"Mwendo umezidi. Kandamiza! Kata kushoto, shimo hilo, kata!"

"Umejuaje?"

"Si upepo umebadilika? Niliuweka mimi. Wewe hukuwahi kusikiliza, ulikuwa unatazama tu."

Nilianguka. Alipiga paja. Tulirudia. Tukapita mteremko wa kwanza na wa pili, na kwenye wa tatu sauti ikaganda ikawa mlio mmoja mrefu wa kuudhi, mashine imekwama. Ile ilikuwa nakala ya zamani, aina ile aliyoondoka nayo daktari. Dada alinyoosha mkono.

"Lete nyekundu," alisema.

Ndipo nilipomweleza habari za maziwa. Alicheka kwanza, akamwita mama yetu jina ambalo siwezi kuliandika, halafu kicheko kikakatika. "Ulijua tangu lini?" Nilimwambia. Alisimama, akaushika ukuta, akaingia ndani.

Binti yake alinivuta pembeni. "Mama mdogo, nakuheshimu, lakini tangu mwanze haya mambo yenu mama hatulii. Anaamka kabla ya jogoo, anagongagonga vidole mezani. Kwaya haendi. Alikuwa ameanza kuizoea hali yake."

"Ameniomba mwenyewe."

"Najua. Na isiposomeka?"

Nilifungasha kompyuta, nikarudi Ihanda.

Mzee wa Kampala alinielekeza kwenye simu, hatua kwa hatua. Nilipasua ganda la ile disketi nyekundu kwa wembe, nikachomoa kile kisahani chembamba cha kahawia, laini kama utando. Nilikiosha kwa maji yaliyochemshwa na tone la sabuni, kwa kidole, bila kusugua. Maziwa yalilainika yakatoa harufu ya jibini. Nilikianika kivulini juu ya kitambaa, nikakilinda dhidi ya kuku, nikakivalisha ganda la disketi nyingine iliyokuwa tupu.

Nilipoiingiza kwenye draivu, vimistari vya kijani vilitokea, vikafuatana, halafu chekundu, kijani, chekundu. Niliisimamisha, nikasafisha kichwa cha draivu kwa pamba na spiriti, nikaendelea. Vyekundu vingine viligeuka kijani kwa kurudiwa. Vingine vilikataa katakata. Mwisho wake nilikuwa na disketi ambayo sehemu yake moja haikusomeka, kama chapati iliyomegwa.

Mchezo wenyewe haukuwaka. Lakini msimbo chanzo ulikuwepo, ile mistari aliyoiandika dada kwa mkono wake, kila mmoja na namba yake mbele. Nilipiga magoti sakafuni kwangu nikaisoma. Programu za wakati ule ziliruhusu kuandika maelezo ambayo kompyuta huyaruka, na dada alikuwa ameandika kwa Kiswahili cha shule. "Hapa mlio wa tairi." "Hapa shimo kubwa." Na mahali pamoja, juu ya mistari ya mteremko wa pili: "Punguza, mdogo wangu anaanguka sana hapa." Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba mteremko wa pili niliushinda kwa ujuzi wangu.

Mteremko wa mwisho ulikuwepo nusu. Barabara ilikuwepo, namba za kona zake zote. Kilichomegwa ni mwisho wake: kinachotokea baiskeli ikifika chini.

Nilirudi Songambele nikamsomea. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, migomba inadondosha maji. Nilisoma mstari baada ya mstari, yeye akitikisa kichwa, mara nyingine akimalizia mstari kabla yangu. Nilipofika kwenye pengo niliacha kusoma.

"Endelea."

"Hapa hakuna."

"Ruka, soma unaofuata."

"Hakuna unaofuata, dada. Zimebaki alama tu."

Alishika kichwa. "Kulikuwa na wimbo. Anafika nyumbani, kuna wimbo." Alijaribu kuuimba, akapata sauti chache, akapotea, akaanza tena. Alijaribu hivyo asubuhi yote. Alitembea toka mlangoni hadi kwenye kichanja cha kuanikia kahawa na kurudi, akijigonga, akikataa mkono wangu. Binti yake alinitazama kwa macho ambayo sikutaka kukutana nayo. Mwishowe dada akaketi.

"Nipe kibodi."

"Unataka nini?"

"Niandike upya. Kiko wapi kile kitufe cha F?" Vidole vyake vilipapasa vikakuta vile vinundu viwili vidogo vya F na J ambavyo wenye macho hatuvijali.

Nilifunga kompyuta. Naona aibu kidogo kukumbuka nilivyoifunga, kwa kelele. Nilimwambia kwamba tukiandika juu yake haitakuwa tena ile ya zamani, kwamba nimehangaika kuitoa ilivyo, kwamba mzee wa Kampala na watu wake wanahifadhi vitu vya aina hii bila kuongeza hata nukta.

"Mchezo ni wa nani?" aliuliza.

"Wako."

"Ulimalizika?"

"Ulisema uliumaliza."

"Mbele yako, sasa hivi, umemalizika?"

"Haujamalizika."

"Basi fungua."

Nilitengeneza nakala mbili. Moja niliiweka kwenye flashi, na maziwa yake na pengo lake, sikuigusa tena. Nyingine tukaifungua barazani, tukaifanyia kazi likizo yote. Yeye aliandika, mimi nikasoma nilichokiona, akasahihisha. Tuligombana. Nilitaka arudishe ule wimbo, hata kwa kukisia, hakutaka kukisia. Badala yake aliingia kwenye mteremko wa kwanza na kuanza kubadili vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Mtaro ukiwa kulia, upepo uwe mwembamba. Ukiwa kushoto, uwe mzito. Shimo lisikike kabla ya kufika. Siku moja alinifunga kitenge machoni akaniambia nishuke. Nilianguka mara nyingi kuliko nilipokuwa darasa la tano. Binti yake, aliyekuwa anapita na ndoo, alisimama kutazama, kisha akaiweka chini.

"Nipe hicho kitenge, mama mdogo."

Ni yeye aliyefika chini wa kwanza. Alishuka mteremko wa mwisho akiwa amefumba macho ndani ya kitenge, katambuga limebaki kidogo sana, mama yake akiwa amemshika bega na kujizuia asiseme. Chini kabisa dada alikuwa ameweka jambo jipya. Hapakuwa na wimbo. Mnyororo ulipunguza mlio, ukapunguza, baiskeli ikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze hapakuwa na upepo. Tulisikia kuku wa kweli nyuma ya jiko. Binti alivua kitenge.

"Imeharibika?"

"Umefika," dada alisema.

Nilimtumia mzee wa Kampala nakala zote mbili pamoja na draivu yake. Aliniandikia kwamba ameucheza taa zikiwa zimezimwa, na kwamba ameanguka kwa aibu. Aliomba ruhusa auweke mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuuchukua. Nilimsomea dada ujumbe ule nikitegemea atafikiri kwanza.

"Auweke. Ulikuwa wa kutoka tangu zamani. Jina langu asiandike, aandike umetoka Kyerwa."

Watu wakaanza kuandika. Si wengi. Mmoja alisema ni mgumu kupita kiasi. Mwingine, ambaye naye haoni, aliuliza kama kuna mwingine kama huo. Nilimsomea dada maoni yote, yenye sifa na yenye lawama. Ya lawama aliniomba niyarudie.

"Mgumu!" alisema. "Aende akashuke na ndizi za kweli."

Jioni hiyo niliondoka kurudi Ihanda, shule zilikuwa zinafungua. Nilikuwa nimechoka, na nilidhani ule mchecheto ulionikaa tangu kwa daktari wa macho ungeniacha. Hatukuwa tumefika hata Omurushaka simu ilipoita. Nilimgonga dereva begani asimame, tukasimama kando ya barabara, na nikaziba sikio moja ili nisikie.

"Uko wapi?" dada aliuliza. Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Njiani. Kuna nini?"

"Mvua. Hatukuweka mvua. Udongo ukilowa, katambuga halishiki, baiskeli inateleza yenyewe. Mlio wake ukoje? Wewe unaukumbuka?"

Nilisimama pale nikijaribu kuukumbuka. Dereva aliniangalia, akaangalia mawingu juu ya vilima, akaniuliza kama bado tunakwenda.